Yaya anasinzia na tonge mkononi: ni palu gani hii isiyopona?

Jambo Mama,

Nakuandikia saa saba ya usiku. Ndiyo saa ambayo yaya wangu, kaka yangu mkubwa, yuko macho, anazunguka lupango, ua wa nyumba yetu, anafungua mlango wa choo na kuufunga bila kuingia. Mimi nikimsikia silali. Kesho mchana atalala popote atakapokaa, hata juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ana miaka 41. Tangu 2019 alikuwa akifanya biashara: anapanda treni hadi Kongolo, anaingia vijiji vya kando ya mto Lualaba kununua mafuta ya mawese na samaki wa kukausha, kisha anarudi kuviuza hapa Lubumbashi, kwenye soko la mtaa wa Kenya. Mara nyingine alikaa huko miezi minne au mitano akingoja mzigo ujae na treni ije. Mke wake alimfuata msimu mmoja mzima, akarudi na watoto. Mwaka juzi yaya alirudi akiwa na homa, na hajatoka tena.

Homa ile ikaitwa palu, yaani malaria. Tukanunua dawa, akapona siku nne, ikarudi. Mara ya tatu ikawa palu na tifoidi. Nimehesabu, ametibiwa palu mara saba. Wamemtundikia serumu mpaka mishipa ya mkono wa kushoto ikagoma. Friji imeuzwa. Ngozi inamwasha bila vipele, anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka shati linashika damu. Amekonda, na nyuma ya shingo ana vidonge vidonge chini ya ngozi, haviumi.

Lakini Mama, homa si kitu. Kinachotuvunja ni tabia. Yaya alikuwa mtu wa kunyamaza. Sasa anatukana wazee, na kwenye matanga ya jirani alicheka peke yake mpaka tukamtoa. Jumamosi tulikuwa tunakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akakata tonge, akalifinya vizuri, akalichovya, na mkono ukabaki hapo katikati ya sahani na mdomo. Amelala. Mtoto wake wa miaka mitano akamfungua vidole, akalitoa tonge, akalila yeye. Shemeji aliniambia kwa aibu kwamba chumbani wanaishi kama kaka na dada, kisha akachukua watoto wawili wakubwa akaenda kwa mama yake.

Mwezi uliopita tulikwenda labo moja ndogo ya mtaani. Kijana aliyekuwa anajifunza kazi alichungulia tone la damu ambalo halijakauka, akashtuka, akasema: "Hapa kuna kadudu kanacheza, kanasukuma chembe." Mkubwa wake akaja, akatazama, akasema ni uchafu wa kioo. Wakakausha, wakapaka rangi, wakaandika palu, misalaba miwili, alama ya wingi wa vimelea. Ndiyo ikawa ile mara ya saba.

Baba mukubwa anasema wenzake wa biashara wamemfunga kwa bulozi, uchawi. Jumapili kuna kikao. Wanataka kumpeleka kwenye chumba cha maombi nje ya mji, afunge siku 21. Mama mukubwa peke yake, mzaliwa wa huko Kongolo, aliniita kando akaninong'oneza neno moja: malale. Halafu akaniambia nisiseme, kwa sababu mjomba wake alipigwa sindano ya ugonjwa huo, ilimuunguza mkono kama moto, na hakumaliza wiki. Na kwamba wanatoa maji ya uti wa mgongo na mwanaume hawi mwanaume tena.

Ni kweli malale, huo ugonjwa wa usingizi, bado iko? Inapimwa wapi, kwa pesa gani? Huyu mtoto anayekula tonge la baba yake, ataambukizwa? Na mimi ambaye ni wa mwisho kuzaliwa, tena mwanamke, Jumapili nitafungua mdomo niseme nini?

Dada Mdogo, Katuba

—

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye gunzi la mahindi. Usingizi kila mtu anaujua, umo ndani ya jina la ugonjwa. Lakini mwasho usio na vipele, vidonge visivyouma nyuma ya shingo, homa inayokwenda na kurudi, na mtu aliyeishi miezi kando ya Lualaba: muuguzi yeyote aliyewahi kutembea na timu za malale angevuta kiti akae. Mimi nilitembea nazo, zamani kidogo. Kwa hiyo nakujibu kama mtu anayeijua sura ya huyu mnyama, si kama mtu aliyempima yaya wako. Barua haina shingo ya kupapasa.

Malale bado iko. Imepungua sana, na kupungua huko ndiko kunakotuponza. Mwaka 1998 duniani waliandikishwa karibu wagonjwa 40,000. Mwaka 2009 wakashuka chini ya 10,000, na tangu 2018 wako chini ya 1,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa yao ni wa nchi yetu. Ni kazi nzuri iliyofanywa na watu waliotembea kwa miguu na kwa mitumbwi. Lakini maana yake pia ni kwamba daktari kijana wa Lubumbashi anaweza kumaliza masomo na kufanya kazi miaka kumi bila kumwona mgonjwa mmoja wa malale. Mtu hukitambua alichowahi kukiona. Usiwakasirikie wote.

Anayeileta ni mbung'o, yule nzi ambaye wengi huku wanamwita tsetse. Anauma mchana, na yule wa kwetu anapenda vichaka vya kando ya maji: pale wanawake wanapochota, pale mitumbwi inapofungwa, pale mfanyabiashara anapokaa kutwa akihesabu madumu ya mafuta. Anaacha ndani ya damu kimelea kidogo chenye mkia, kirefu mara tatu hivi ya chembe nyekundu ya damu, na kinaogelea. Daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekitambua Gambia na kukipa jina mwaka 1902, alikuja baadaye Kongo na akafia Kasongo, huko Maniema, Februari 1905. Hakufa kwa malale. Aliuawa na homa ya papasi, ambayo nayo alikuwa akiichunguza. Kasongo na Kongolo zinajuana, mto ni ule ule. Nimelisema hili ili baba mukubwa asidhani ni ugonjwa wa vitabuni: historia yake imezikwa kwetu.

Sasa kwa nini dawa ya palu inampa nafuu siku nne, halafu homa inarudi? Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Kimelea cha malale kina koti. Mwili unalijifunza koti, unakiua kwa wingi, homa inashuka, watu wanamshukuru Mungu na daktari wa palu. Lakini vichache vimeshabadilisha koti, na mwili hauvitambui. Vinazaana, homa inapanda tena. Kwa hiyo homa ingeshuka hata kama angekunywa maji matupu. Na kwa kuwa damuni huwa vichache sana, siku nyingine unatafuta tone baada ya tone na huoni kitu.

Na ile misalaba miwili? Inawezekana ilikuwa kweli! Watu wazima wengi wa kwetu hutembea na vimelea vichache vya palu damuni bila kuumwa. Ukimpima leo mwuza mkaa aliye mzima kabisa unaweza kukuta msalaba. Palu ya yaya inaweza kuwa ipo na bado isiwe ndiyo inayomlaza juu ya ndoo. Labo hujibu swali lililoulizwa. Karatasi yenu ilisema "tafuta palu" mara saba, ikajibiwa palu mara saba. Hakuna aliyeandika neno malale juu ya karatasi, na hakuna aliyeandika neno Kongolo.

Yule kijana ndiye ninayetaka kumwona. Tone bichi, lisilokaushwa, ndilo linaloonyesha kitu kikicheza. Kimelea chenyewe ni chembamba na karibu hakionekani. Unachokiona kwanza ni chembe nyekundu zikisukumwasukumwa, kama majani ya maji pale samaki anapopita chini. Ndivyo alivyosema, kinasukuma chembe. Anaweza pia kuwa ameona mtoto wa filaria, mnyoo ambaye naye yuko kwetu na naye hucheza kwenye tone bichi. Lakini huyo ni mkubwa, anajipindapinda kama nyoka, hata anayejifunza hawezi kumwita kadudu. Uchafu wa kioo hauogelei. Basi wakakausha tone lile na kulipaka rangi. Mara chache huwa unakiona kimelea hata hapo, lakini ni rahisi kukikosa, hasa ukiwa unahesabu misalaba na nje foleni inangoja.

Utakachofanya ni hiki. Usirudi labo ya mtaani. Nendeni hospitali kubwa ya rufaa, kwa daktari wa magonjwa ya ndani, na sentensi yako ya kwanza isiwe "ana homa". Sema: "Yaya wangu aliishi kando ya Lualaba, upande wa Kongolo, kuanzia 2019, ametibiwa palu mara saba, mchana analala, usiku halali, shingoni ana tezi, tunaomba apimwe malale." Mwambie aliona nini yule kijana. Daktari akisema hospitali haina kipimo, mwombe awasiliane na divisheni ya afya ya jimbo, na kupitia kwao na programu ya taifa ya kupambana na malale, ambayo makao yake ni Kinshasa. Yeye ana njia ya kupiga simu, wewe huna. Usikubali jibu la "basi mpeni dawa ya palu tukingoja" bila tarehe ya kuonana tena.

Kipimo cha kwanza ni cha kuchuja. Zamani tulizungusha kadi: tone la damu, tone la dawa ya buluu, dakika tano kadi inazunguka, na kama mtu alikutana na kimelea unaona punje za buluu zikikusanyika kama uji ulioshikana. Siku hizi kuna pia kipimo kidogo cha haraka, kama kile cha palu, jibu ni robo saa. Kikiwa mbali, hospitali inaweza kukausha matone ya damu kwenye karatasi ya kuchujia na kuyatuma INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa. Lakini shika hili: kipimo hicho hakisemi "ana malale". Kinasema "mtafuteni kimelea". Wapo watu wasio na malale ambao nao kinawaita.

Kisha ndiyo wanakitafuta kimelea. Watachoma sindano nyembamba kwenye moja ya zile tezi za shingo, watatoa tone la majimaji, na litachunguzwa palepale, maana hivi vimelea hufa upesi nje ya mwili. Usikubali tone lipelekwe mtaa wa pili kwa pikipiki. Damu nayo itazungushwa kwenye mashine ili vile vichache vikusanyike mahali pamoja. Kuna na njia ya kuichuja kwenye kijibomba kinachozuia chembe nyekundu na kuachia vimelea vipite, na vifaa vyake vinatengenezwa palepale INRB. Kosa lililo kubwa ni kutazama tone moja, kutoona kitu, na kwenda nyumbani.

Kwa hali unayoieleza, usishangae daktari akitaka maji ya mgongo. Malale hukaa kwanza kwenye damu na tezi, miezi au hata miaka, kisha huvuka na kuingia ubongoni. Ikishavuka ndipo usingizi unapogeuka, mchana ukawa usiku, na mtu mpole akatukana wazee. Hata lile alilokuambia shemeji yako limo humo. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba mumewe hakumchukia, na kwamba aliyekuwa chumbani naye ni ugonjwa. Maji yale yanahesabiwa chembe nyeupe. Zikiwa 5 au chini ya hapo kwa kila maikrolita, na kimelea hakimo, ubongo bado haujaguswa. Zikifika 100 au zaidi, ugonjwa umekomaa na dawa inabadilika. Sindano inaingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Kichwa kinaweza kuuma siku chache, alale chali, anywe maji. Uanaume hautoki kwa sindano hiyo. Ulishaondolewa na ugonjwa, na tiba ndiyo njia ya kuurudisha.

Sasa mama mukubwa. Usimwambie amekosea, kwa sababu hakukosea. Mjomba wake yaelekea alipigwa melasoproli, dawa iliyotengenezwa na arseniki, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Iliunguza mishipa kweli, na kati ya wagonjwa 100 ilikuwa ikiua kama 5. Waliokuwa wakiichoma walijua hivyo, na waliichoma kwa sababu bila hiyo wote 100 wangekufa. Niliwahi kumshika mkono mgonjwa anayeipokea. Sitaki kueleza zaidi.

Dawa hiyo si ya huyu yaya. Kuanzia mwaka 2009 ilikuja tiba ya vidonge vya nifurtimoksi siku 10 pamoja na serumu ya eflonithini mara mbili kwa siku, siku 7, na arseniki ikasukumwa pembeni. Halafu ikaja feksinidazoli, vidonge peke yake, iliyojaribiwa kwa sehemu kubwa hapa Kongo na kukubaliwa mwisho wa 2018. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi anameza vidonge 3 kwa siku kwa siku 4, kisha 2 kwa siku kwa siku 6. Basi. Ipo na nyingine inayomezwa mara moja tu, vidonge 3 siku moja, akoziboroli, iliyojaribiwa hapa kwetu na Gine. Ipi atapewa ni la daktari. Ikiwa ugonjwa umeshaota mizizi kichwani, huenda akachagua ile ya serumu, na msimlazimishe vidonge kwa sababu ni rahisi kumeza.

Kuhusu pesa: dawa hizi haziuzwi. Viwanda vinazitoa kwa Shirika la Afya Duniani, nalo linazigawa bure kupitia programu ya taifa. Mtu akikuambia anazo feksinidazoli famasia kwa dola, mshukuru uondoke. Mtakacholipa ni taksi, chakula cha anayemlinda, pengine kitanda na vipimo vingine. Hiyo friji ingetosha, lakini nalo limepita.

Sasa nije kwenye Jumapili, maana naona ndiko hofu yako iliko zaidi.

Usiingie kwenye kikao ukabishana na bulozi. Utashindwa, na wakati unashindwa yaya analala. Tangulia kwa mama mukubwa Jumamosi jioni, na uende na kitu mkononi, hata sukari robo. Mwambie dawa iliyomuua mjomba wake imewekwa kando. Mwombe yeye ndiye alitaje hilo neno mbele ya watu. Likitoka mdomoni mwako ni mtoto anayejifanya daktari. Likitoka kwa mzaliwa wa Kongolo aliyemzika mjomba kwa ugonjwa huo, baba mukubwa atashusha kikombe. Na wewe useme jambo moja tu: "Tunaomba siku tatu za hospitali kabla ya siku 21 za maombi." Siku tatu hakuna mzee anayezikataa hadharani.

Pasta naye msimgeuze adui. Aje aombe kando ya kitanda, mlango wa wodi si mdogo. Lakini kufunga hapana, na hapa sina mchezo. Feksinidazoli inamezwa wakati wa chakula au mara baada ya kula, tumbo tupu halipokei dawa ya kutosha na vimelea vinabaki. Kila siku ale mbele ya muuguzi, ameze mbele ya muuguzi. Akitapika mwambieni muuguzi saa hiyo hiyo, wala msimwongezee kidonge wenyewe. Anaweza kutetemeka, kukosa usingizi, kuona kizunguzungu, hata kuchanganyikiwa zaidi siku za kwanza. Asilale bila mtu karibu. Pombe asiguse siku zote za dawa na siku mbili baadaye, na hapo nasema lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na pia munkoyo wa mahindi uliokaa ukachacha. Zile dawa za palu zote saba, pelekeni maboksi yake au majina yake, maana nyingine hazielewani na hii.

Mtoto wa miaka mitano na tonge la baba yake: mwache ale. Malale haipiti kwenye sahani, wala kikombe, wala mate, wala mbu wa Katuba. Mama mjamzito ndiye anaweza kumpa mtoto tumboni. Lakini mke wake, uliyesema alikaa msimu mzima mtoni, apimwe, na watoto waliokuwa naye huko wapimwe, hata kama wanacheza mpira. Mwulize shemeji kama hedhi yake inakwenda sawa, maana malale huivuruga. Na wenzake wa biashara, hao mnaowashuku wamemfunga, walikula vumbi lile lile na kuumwa na nzi wale wale. Badala ya kuwalaani, wapigieni simu: pengine na wao wako kwenye palu ya nane.

Lazima nikuambie na upande wa pili. Inaweza isiwe malale. Tezi za shingo na kukonda na kuchanganyikiwa vinaweza kuwa kifua kikuu, vinaweza kuwa virusi vya ukimwi na homa ya uti wa mgongo inayokuja navyo, vinaweza kuwa kaswende ya zamani. Daktari mzuri atapima na hivyo, na msimwone kama anamtukana yaya. Maji yale yale ya mgongo yanajibu mengi kati ya hayo. Tena wewe uko karibu na mpaka wa Zambia, na upande ule kuna binamu wa kimelea hiki, mkali zaidi, anayemaliza mtu kwa wiki au miezi. Kadi niliyokueleza haimtambui. Yaya ameumwa kwa muda mrefu na njia yake ilikuwa Lualaba, kwa hiyo simfikirii sana huyo binamu. Lakini kama aliwahi kwenda huko porini kuwinda au kununua nyama, liseme.

Akishatibiwa, usitegemee atakaa wima kesho yake. Usingizi hurudi kwenye saa zake polepole, tabia nayo hivyo hivyo, na ubongo ulioguswa sana huenda ukabaki na kovu. Daktari atamwita tena na tena kwa hadi miezi 24, kwa sababu kimelea kinaweza kujificha na kurudi. Watu wengi hawarudi wakishajiona wazima. Andika tarehe zile ukutani, karibu na kalenda ya kanisa.

Daftari nunua leo. Andika miji na vijiji alivyolala, mwaka kwa mwaka, mkae naye usiku, saa zile ambazo yuko macho na kichwa chake kinamfaa. Si umesema saa saba anazunguka lupango? Muwekee kiti na taa, mwulize mtumbwi ulikuwa unafungwa wapi. Na njiani kuelekea hospitali pitia kwa yule kijana wa labo, umwombe aandike kwa mkono wake alichokiona na tarehe. Kama mkubwa wake hayupo, ataandika.